Nasaba ni ya Nani? Haki ya Mkusanyaji na Haki ya Jamaa



Imeletwa suala katika darasa yetu ambalo twaona lafaa lijibiwe kwa maandishi, kwa kuwa halimkhusu mtu mmoja. Muulizaji asema: Mtu ametumia miaka mingi akizunguka Mombasa, Malindi, Lamu na Pate kukusanya nasaba za jamaa zake. Ameketi na wazee, amesoma hati za zamani na vyeti vya ndoa, amesimama makaburini akiandika yaliyochorwa kwenye mawe, na mwisho ametoa kitabu. Kisha mwengine katika jamaa akakichukua kitabu kile, akakipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, akazipeleka picha zile kwa mamia ya watu, na jina la mwandishi akaliondoa. Alipolaumiwa akajibu: “Hawa ni babu zangu kama walivyo babu zake. Je, mtu aweza kumiliki babu?” Basi katika wawili hawa, mwenye haki ni nani?

Suala la yule aliyenakili ni suala zuri, na jawabu yake ni wazi: hapana mtu amilikiye babu. Walakini jawabu hiyo haimtoi katika lawama, kwa sababu yeye hakuchukua babu, alichukua kitabu. Na huko ndiko kosa la wengi wetu katika jambo hili. Twachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, kisha twagombana. Katika kila kitabu cha nasaba mna khabari, mna kazi, na mna siri. Khabari haina mwenyewe. Kazi ina mwenyewe. Siri ni amana. Mwenye kuyapambanua matatu haya hatamdhulumu mtu, inshallah.

Kabla ya kuyaeleza, yafaa tukumbushane kwa nini jambo hili ni zito. Wako wasemao kuwa nasaba ni mambo ya fahari tu. Kauli hii ina ukweli kidogo na makosa mengi. Fahari ya nasaba ni upuzi, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukoo hauzibi upungufu wa amali ya mtu. Lakini katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, tumeelezwa kuwa kugawanywa kwetu mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumehimizwa kujifunza katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu.

Na ziko hukumu zisizosimama bila ya nasaba. Mtu akifa hana mwana wala baba, na wenye mafungu wasiimalize mali yake, kilichobaki huenda kwa asaba aliye karibu naye zaidi. Nani atamjua asaba huyo ikiwa hapana ajuaye babu wa tatu na wa nne? Kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kuhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, hawezi kugawa mali kwa kukisia. Kadhalika wakfu uliowekewa dhuria wa mtu: adaiye fungu lake lazima athibitishe kuwa ni katika dhuria wale. Na kadhalika mambo ya maharimu, ili mtu asimwoe asiyehalali kwake naye hajui.

Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuwagawia Waislamu katika hazina, yapata mwaka 20 Hijria, aliwaita watu watatu waliokuwa mabingwa wa nasaba za Makureshi, Akil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubeir bin Mut‘im, akawaamuru waandike watu kwa koo zao. Wakaanza na Bani Hashim, kisha jamaa za Abubakar, kisha jamaa za Umar. Yeye akakataa kutangulizwa, akawaambia waanze na walio karibu na Mtume kisha walio karibu baada yao, na jamaa za Umar wawekwe pale nasaba yao iwawekapo. Hapa twajifunza kuwa nasaba iliandikwa kwa maslaha ya watu wote, na kwamba mwenye nguvu hakuipindisha kwa ajili yake.

JAMBO LA KWANZA: KHABARI

Kwamba fulani ni mwana wa fulani, na kwamba alioa mji fulani na akazikwa mahali fulani, hii ni khabari. Ni jambo lililotokea, na halikutokea kwa sababu mwandishi aliliandika. Basi hapana awezaye kusema: “Mimi ndimi niliyegundua jina la babu yenu wa tano, kwa hivyo msilitaje ila kwa idhini yangu.” Akisema hivyo adai kisichokuwa chake.

Hata sheria za nchi zakubaliana na haya. Mwaka 1991 Mahkama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni mbili, Feist na Rural, zilizogombania kitabu cha majina na namba za simu. Moja ilikuwa imetaabika kuyakusanya majina, na nyengine ikayachukua ikayachapa. Mahkama ikasema kuwa jina la mtu na namba yake ni khabari tupu, na khabari haina hakimiliki. Na kuyapanga kwa herufi si utunzi, na taabu ya kukusanya peke yake haiwi hakimiliki. Jamaa zetu walioko ng’ambo na kushughulika na nasaba huko yafaa waijue hukumu hiyo.

Kuifungia khabari ni khatari kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mfano wake hauko mbali na sisi. Wafalme wa Kinabhani wa Pate walikuwa na kitabu cha khabari zao, kina majina ya wafalme mmoja baada ya mmoja. Yaelezwa kuwa kitabu hicho kilikuwa Witu, na Waingereza walipoupiga mji ule kwa mizinga mwaka 1890 kikapotea. Kilichotufikia ni yale aliyoyahifadhi moyoni mzee mmoja wa ukoo ule, Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyekuwa akiitwa Bwana Kitini. Yeye hakuyafungia; aliwasimulia waliokuja kumuuliza, na yakaandikwa. Stigand aliyatia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1913, na nakala nyengine zikatoka baadaye, nazo hazilingani zote katika majina na miaka.

Zingatia, ewe msomaji. Lau Bwana Kitini angalisema, “Haya ni mali ya ukoo wetu, wageni hayawakhusu,” leo tungalikuwa na magofu ya Pate bila ya majina. Na lau zingalikuwako nakala kumi za kitabu kile katika nyumba kumi, zisingalipotea zote kwa mizinga ya mji mmoja. Wangapi katika mji wetu wana daftari la babu ndani ya kasha, wala hapana anayeruhusiwa kulifungua? Mchwa haombi ruhusa. Siku moja kasha litafunguliwa, na ndani mtakuwa vumbi.

JAMBO LA PILI: KAZI

Ikiwa khabari haina mwenyewe, haifuati kuwa kitabu hakina mwenyewe. Mwandishi amesafiri, ametumia mali yake, amelinganisha kauli za wazee waliokhitilafiana, amechagua ipi ni yenye nguvu, ameandika maelezo kwa maneno yake, na amechora shajara kwa mpango wake. Hayo yote hayakuwako kabla yake. Ni kazi ya mkono na akili yake, kama jahazi ilivyo kazi ya fundi ijapokuwa miti imeota mwituni.

Maulamaa wa zamani hawakuandika mlango wa hakimiliki, kwa kuwa kunakili kitabu kulikuwa taabu kubwa na mwenye kunakili alionekana afanya kheri. Vilipokuja viwanda vya chapa, vitabu vikawa bidhaa, na wanazuoni wakakhitilafiana. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, hakuiona kuwa ni haki mtu kuwazuilia wengine kuchapa kitabu chake. Mwanawe, Mufti Muhammad Taqi Usmani, ameona kinyume cha rai ya baba yake: kuwa haki hii yazingatiwa na ina thamani. Mwezi wa Disemba mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Kuwait liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni za wenyewe, zina thamani ya mali katika desturi za watu wa leo, na haifai kuzivamia. Na hii ndiyo kauli tunayoitegemea.

Pengine mtu atasema: “Ilimu ni ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuificha ameahidiwa adhabu; vipi iwe mali ya mtu?” Jawabu: Kuficha ilimu ni kumkatalia anayeihitaji asiijue. Kumzuilia mtu asichape kitabu cha mwengine na kukiuza si kuificha. Kitabu kiko dukani, kiko msikitini, chasomwa. Mwalimu wa chuo hulipwa kwa kusomesha, na hapana asemaye kuwa ameificha Kurani.

Tena liko jambo lililo juu ya mali, nalo ni jina. Katika mali maulamaa wamekhitilafiana. Katika kumtaja mwenye kauli hawakukhitilafiana. Dini hii imesimama juu ya isnadi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye kujionyesha kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Na anayeondoa jina la mwandishi akaacha watu wadhani kuwa kazi ni yake, hizo ndizo nguo alizozivaa.

Kuna kisa mashuhuri katika jambo hili. Imamu Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505, alimlalamikia Imamu Kastallani, mwenye kitabu cha al-Mawahib al-Laduniyya, kuwa achukua katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Wenye tarikh wameeleza kuwa shauri lilifikishwa mbele ya Sheikhul-Islami Zakaria al-Ansari. Suyuti akataja mahali ambapo Kastallani amenakili kutoka kwa Baihaki, akamtaka abainishe ni katika kitabu kipi cha Baihaki alikosoma. Kastallani hakuweza. Suyuti akasema kuwa basi ameyachukua kwake yeye, na iliyokuwa wajibu ni kusema kuwa Suyuti amenakili kutoka kwa Baihaki. Baadaye, wasema, Kastallani alitembea kwa miguu mitupu hadi nyumbani kwa Suyuti kutaka radhi. Suyuti akamjibu kutoka nyuma ya mlango kuwa moyo wake umemwia radhi. Lakini mlango hakuufungua.

Maneno ya Baihaki hayakuwa mali ya Suyuti. Lakini kuyatafuta na kuyatoa katika vitabu ilikuwa kazi ya Suyuti. Na hili ndilo litendekalo kila siku katika nasaba. Mtu asoma katika kitabu cha mwenziwe kuwa hati fulani ya mwaka fulani yataja ndoa ya babu. Kisha aandika: “Hati ya mwaka fulani yasema kadha,” kana kwamba yeye ndiye aliyeifunua hati hiyo kwa mikono yake. Hii ni khiyana japokuwa kila neno aliloandika ni kweli. Tena yaleta madhara: ikiwa mtangulizi aliisoma hati vibaya, akasoma Ali penye Alawi, kosa lake sasa laonekana kuwa na mashahidi wawili, hali shahidi ni mmoja. Wakija watatu na wanne wakafanya vivyo hivyo, uwongo utakuwa mutawatiri. Kumbe kumtaja uliyetoa kwake si heshima yake tu; ni njia ya msomaji kwenda kuhakikisha.

Ama sheria ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yataka mambo mawili ili maandishi yalindwe: iwe imetumika juhudi ya kutosha ya kuyapa sura ya asili yake yenyewe, na yawe yameandikwa au yamehifadhiwa kwa njia ya kushikika. Yakilindwa, ulinzi wadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Yampa mwandishi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa njia ya kumvunjia heshima. Na kwa upande wa pili yamruhusu mtu kuitumia kazi ya mwengine kwa wema na insafu, bila ya idhini, katika utafiti, matumizi yake mwenyewe, uhakiki na kutoa khabari za matukio, kwa sharti ya kumtaja aliyetoa kwake pale yanapotangazwa.

Tutoe mfano mmoja ulio mikononi mwetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya Mazrui wa Mombasa. Ilichapwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. McL. Ritchie. Hapa mna tabaka tatu. Majina ya maliwali wa Kimazrui na khabari zao ni za kila mtu. Maneno ya Kiarabu ya Sheikh, kwa hisabu ya miaka 50, ulinzi wake katika sheria ya Kenya ulifika mwisho wake mwaka 1997 ulipokwisha. Lakini tafsiri na maelezo ni kazi nyengine ya mtu mwengine, nayo yahisabiwa peke yake. Basi mtu aweza kuitumia tarikh ile kwa kuieleza kwa maneno yake, wala haifai kuzichukua kurasa za Kiingereza akazitia katika kitabu chake kwa hoja kuwa Sheikh alikwisha kufa zamani. Na juu ya yote, jina la Sheikh halina miaka 50. Ulinzi wa mali una mwisho. Deni la kumtaja halina.

Mtu atauliza: kiasi gani ndicho cha insafu? Hapana idadi ya kurasa iliyowekwa, wala haifai kudanganyana kuwa kurasa tatu ni halali na ya nne ni haramu. Lakini viko vipimo vinne, ambavyo Wamarekani waliviandika katika sheria yao ya mwaka 1976, na akili ya mwenye muruwa yavikubali. Cha kwanza, kusudio lako: wajifunza na kuhakiki, ama wafanya biashara? Cha pili, hali ya kile unachotoa: ni orodha ya khabari, ama ni maandishi ya mtu yenye fikra na ufasaha wake? Cha tatu, kiasi unachochukua: ni tawi moja la babu yako, ama ni mti mzima na mizizi yake? Cha nne, athari yake kwa mwenyewe: je, baada ya nakala yako, atabaki mtu wa kukinunua kitabu chake? Mwandishi aliyekopa fedha ili achapishe, kisha kitabu chake kikaenezwa bure wiki ile ile, amepigwa kwa mkono wa ndugu yake, na kitabu cha pili hatakiandika. Hapo hasara si yake peke yake. Ni ya jamaa wote.

Limebakia jambo moja ambalo sheria halilioni vizuri. Hakimiliki humlinda aliyeandika. Aliyesimulia hana lake. Jina lililo juu ya kitabu cha mwaka 1913 ni la Stigand. Ilimu ilikuwa ya Bwana Kitini. Na sisi tuna akina Bwana Kitini wengi, na wengi wao ni wanawake. Ni bibi zetu ndio wajuao nani alimnyonyesha nani, na fulani alikuja na jahazi gani, na dada yake aliolewa wapi. Aja mjukuu na daftari, huketi jioni tatu, huondoka na ilimu ya miaka 80, kisha huchapa kitabu na katika shukrani huandika “wazee mbalimbali.” Katika sheria ya hakimiliki hana makosa. Katika insafu amemla bibi yake. Basi anayelalamika kuwa jina lake limeondolewa katika nakala, na atazame kwanza katika kitabu chake: je, majina ya waliomsimulia yamo?

JAMBO LA TATU: SIRI

Jambo la tatu ndilo watu wanalolighafilika zaidi, nalo ni zito kuliko mali. Katika nasaba mna mambo aliyoambiwa mwandishi ndani ya nyumba. Ataambiwa nani alilelewa na si mwana wa kuzaliwa, ndoa gani ilifungwa baada ya fitina, nani alizaliwa na suria, nani alimkana mwanawe. Hapa mwandishi na mwenye kunakili wote wawili hawamiliki kitu. Wamewekewa amana.

Twajua historia ya pwani yetu. Katika nyumba nyingi mna mama waliokuwa masuria, na wana wao katika sheria ni wana halali, warithi sawasawa na ndugu zao. Kuandika ukweli huo si aibu. Aibu ni ya waliotesa na kuuza watu. Lakini wako wanaopekua vitabu vya nasaba watafute humo jiwe la kumpigia mwenzao siku ya ugomvi au siku ya posa. Kutukanana kwa nasaba ni katika tabia za kijahiliya tulizokatazwa. Basi mwandishi ana haki ya kuhifadhi ukweli kwa ajili ya mirathi na tarikh, wala hana ruhusa ya kuwagawia watu mawe.

Tena wako walio hai. Kuandika babu aliyekufa miaka 200 iliyopita si sawa na kuandika jina la mtoto aliye chuoni leo, tarehe yake ya kuzaliwa, mtaa wake na jina la mama yake, kisha kuyaeneza kwa watu usiowajua. Maelezo hayo matapeli huyatumia kumwibia mtu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayokataza kuyatumia ovyo maelezo ya watu; na kabla ya sheria hiyo tulikwisha kufundishwa kuwa yasemwayo katika majlisi ni amana. Mtu aliyekupa khabari za wanawe ili uzitie katika shajara ya nyumbani hakukupa idhini ya kuzitangaza mjini.

ADABU ZA KUSHIRIKIANA

Kutokana na haya twaona adabu zifuatazo zafaa kushikwa.

Kwanza, ajuaye nasaba na asambaze khabari zake, wala asiache nakala moja katika nyumba moja.

Pili, kila khabari iandikwe pamoja na ilikotoka: hati gani, kaburi gani, bibi gani aliyesimulia na mwaka gani. Na ikiwa umeipata kwa njia ya kitabu cha mwenzio, sema hivyo, kama alivyotaka Suyuti.

Tatu, ukitaka kutumia maneno ya mtu au shajara aliyoichora, chukua kiasi cha haja yako na umtaje. Ukitaka zaidi, muombe. Akikupa kwa sharti, itimize sharti.

Nne, kumiliki nakala si kumiliki haki. Aliyenunua kitabu, au aliyerithi barua za babu wa mtu mwengine, amepata karatasi. Ruhusa ya kuzichapa ni jambo jengine.

Tano, usibadilishe kazi ya mtu kisha ukaliacha jina lake juu yake. Ukiona kosa, andika sahihisho kwa jina lako. Na aliyejichomeka mwenyewe katika shajara ya watu, basi dhambi yake yajulikana: amejinasibisha na asiyekuwa baba yake.

Sita, walio hai wasitangazwe ila kwa idhini yao, na siri za waliokufa zisifunuliwe ila kwa haja ya kisheria.

Sasa turudi kwa wale wawili walioulizwa. Aliyenakili na awarudie watu aliowapelekea, awaambie kazi hii ni ya fulani. Na ikiwa kitabu kilikuwa chauzwa, amtake mwandishi radhi na amlipe hasara aliyomtia, au wapatane. Neno lake kuwa babu ni wa wote ni la kweli, wala halimfai kitu hapa.

Na mwandishi naye asidhani kuwa kwa kushinda shauri hili amepata funguo za ukoo. Ndugu akija kumuuliza jina la babu yake, na amjibu, wala asimwambie kanunue kitabu. Na akihitajiwa mbele ya kadhi katika mirathi ya yatima, ni wajibu wake kusimama na kusema anachokijua. Surat al-Baqara, aya ya 283, imetukataza kuficha ushahidi, na haikumtoa mwenye hakimiliki. Awezavyo kuuza ni kurasa zake. Jawabu ya mtu aulizaye “mimi ni nani, na ndugu zangu ni nani?” haiuzwi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuunga udugu kwa ilimu hii wala si kuukata, na awarehemu waliotuhifadhia majina ya wazee wetu, tuliowataja na tuliosahau kuwataja. Amin.